Ruwenzori
Ruwenzori ni silsila ya milima iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo, ambayo, tofauti na Kilimanjaro na Mlima Kenya, haikuzaliwa na moto wa volkeno, bali ni miamba ya kale iliyoinuliwa ardhi ilipopasuka kwenye Bonde la Ufa. Kilele cha Margherita, chenye kimo cha mita 5,109, kilifikiwa kwanza mwaka 1906 na msafara wa Luigi Amedeo wa Italia. Apandaye kutoka Nyakalengija, upande wa Uganda, hufuata bonde la Mubuku, kisha la Bujuku, akivuka vinamasi ambavyo, kwa hakika, humtaabisha kuliko barafu yenyewe, inayozidi, kwa masikitiko makubwa, kuyeyuka. Njia nyingine huanzia Kilembe, na Mutwanga upande wa Kongo. Viongozi na wapagazi wengi ni Wakonjo, wenyeji wa miteremko hiyo, wanaostahili sifa kubwa zaidi kuliko waliyopewa.