Mti wa Mugumo na Mti wa Msalaba



Ijumaa Kuu moja, baada ya ibada hapa Embu, mzee mmoja, ndugu wa uamsho, alinishika mkono nje ya kanisa. "Mchungaji," akasema, "baba zetu walipobatizwa waliambiwa wauache mugumo. Leo naona watu wakiinama mbele ya mti mwingine. Je, mnaturudisha kulekule?"

Sikuharakisha kumjibu, maana swali lake ni la haki. Kondoo waliochinjwa chini ya mugumo aliwaona kwa macho yake akiwa mtoto.

Nikamsimulia habari za Aksum, ufalme wa Waafrika wenzetu katika nchi ambazo leo ni Ethiopia na Eritrea. Katika karne ya 4 mfalme wake, Ezana, aliipokea Injili kupitia kwa Frumentius, yule ambaye Athanasius wa Alexandria alimweka wakfu kuwa askofu. Sarafu za kwanza za Ezana zilikuwa na mwezi mwandamo na duara, alama za dini ya zamani. Akaziondoa, akaweka msalaba. Alikuwa miongoni mwa wafalme wa kwanza duniani kutia msalaba katika fedha. Baadaye, kwenye sarafu nyingine za shaba, fedha ya thamani ndogo kabisa, wakapaka dhahabu kuuzunguka msalaba. Fikirini, dhahabu juu ya shaba! Wala sidhani kuna aliyeichinjia sarafu kondoo.

"Lakini sarafu si mti," akasema mzee.

Kweli. Basi nikamhamisha mpaka Ruthwell, huko Scotland, penye msalaba wa mawe wa karne ya 8, urefu wake wapita mita 5. Ubavuni umechongwa maneno ya shairi la Kiingereza cha kale, ambamo mti wa msalaba wenyewe unasema. Unasimulia jinsi ulivyomwinua Mfalme, ukalowa damu yake, ukadhihakiwa pamoja naye, wala haukuthubutu kuinama. Mti huo hauombi kondoo. Wamshuhudia Mwana-Kondoo aliyekwisha kutolewa. Hata hivyo, katika miaka ya 1640 Wakristo wenye bidii dhidi ya sanamu waliuvunja, na vipande vyake vikakaa hivyo mpaka mchungaji Henry Duncan alipousimamisha tena mwaka 1823. Kwa hiyo swali la mzee wetu si geni.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ikiwa mti wenyewe haukuinama, nami sitainama. Lakini ukipitishwa nitasimama."

"Inatosha, mzee," nikamwambia.