Nyota za Biryogo na Uadilifu wa Shahidi

Jua likishatua Biryogo, meza huwa zimejaa katikati ya barabara. Zamani hapo palikuwa njia ya magari na pikipiki. Mwaka 2021, korona ilipokuwa imewatia watu hofu ya kubanana ndani, Jiji la Kigali lilifunga sehemu ya mitaa hiyo ya wilaya ya Nyarugenge isipitwe na magari. Lami ikapakwa rangi, miavuli ikasimamishwa, na wauza chai waliozoea vyumba vyembamba wakapata baraza pana kuliko walivyowahi kuota. Leo mtu hukaa pale na kikombe cha mukaru, ile chai ya rangi yenye tangawizi, akaagiza chapati na mishikaki, huku adhana ikisikika kutoka misikiti ya Nyamirambo, ambako ule wa Al-Fatah umesimama tangu 1913.

Mgeni anayefika hapo kwa mara ya kwanza mara nyingi ameshauhukumu mgahawa kabla hajauona. Ameinamia simu, ameona nambari, 4.2 au 4.6, na chini yake maneno machache ya watu asiowajua. Nambari hiyo ndiyo inayomchagulia kiti. Hoja ya makala haya ni kwamba nambari hiyo haifanani na kilo ya nyama au lita ya maziwa. Ni rundo la ushahidi, na ushahidi haupimwi mpaka shahidi mwenyewe ajulikane: aliona nini, alikaa kwa muda gani, ana maslahi gani na anayemsema. Mtaa kama Biryogo, moyo wa Uislamu na wa Kiswahili nchini Rwanda, una urithi wa elimu unaolifaa jambo hili kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa na kampuni za mtandao.

Nyota hizi zinagusa riziki za watu. Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha tathmini za tovuti ya Yelp na mapato ya migahawa ya mji wa Seattle, na katika utafiti wake wa 2011 akaonyesha kwamba nyota moja ya ziada iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Lenye uzito zaidi ni hili: athari hiyo ilionekana kwa migahawa inayojitegemea, ilhali ile yenye matawi mengi na jina kubwa haikutikisika. Anayejulikana hahitaji shahidi. Anayehitaji ni yule mwenye majiko mawili na meza sita, na Biryogo ni mtaa wa watu hao. Kwake hata hesabu ni kali. Mgahawa wenye tathmini 12 na wastani wa 4.8 ukipewa nyota moja na mtu mmoja tu, hushuka hadi 4.5. Wenye tathmini 1,200 na wastani uleule, ukipata pigo lilelile, hubaki na 4.8 yake.

Haki inadai pia kwamba mfumo huu umefungua milango. Kabla yake, msafiri aliyetaka kujua ale wapi Kigali alitegemea kitabu cha mwongozo, kwa mfano kile cha Bradt kuhusu Rwanda kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2001. Mtaa ambao mwandishi hakupita haukuwepo machoni pa wasomaji wake. Sasa muuza sambusa anaweza kuonekana kwenye ramani bila kulipa tangazo wala kumjua mwandishi yeyote. Kwa hiyo hakuna sababu ya kutamani nyota zitoweke. Kuna sababu ya kuuliza ni nani anayezitoa.

Anayezitoa, kwanza kabisa, ni aliyejitokeza mwenyewe. Rwanda ina mfano wa kinyume chake karibu kabisa: Bodi ya Utawala ya Rwanda, RGB, hupima kuridhika kwa wananchi na huduma za serikali za mitaa kwa kuteua kaya na kuzihoji, aliyefurahi na aliyenuna na yule asiyejali. Kwenye simu hakuna anayeteuliwa. Nan Hu, Paul Pavlou na Jie Zhang walieleza mwaka 2009 matokeo yake: tathmini za mtandaoni hujikusanya kwenye nyota tano, kisha kidogo kwenye nyota moja, na katikati hubaki pengo, kwa sababu aliyepata huduma ya kawaida haoni haja ya kuandika. Mzee aliyekunywa chai yake kwenye kibanda kilekile kwa miaka 20 hajawahi kuweka hata nyota moja. Ushahidi wake uko katika kurudi kwake kila jioni. Yeye ndiye shahidi aliyeona mengi kuliko wote, na ndiye asiyesikika.

Tatizo hili halijaanzia kwenye vyakula wala haliishii huko. Wachezaji wa gofu ya visahani, mchezo uliopata uwanja wake wa kwanza wa kudumu California mwaka 1975, hutathmini viwanja vyao kwa alama zinazofanana na nyota, na malalamiko yao yanafahamika: mtu hukipandisha kiwanja cha nyumbani kwake kwa mapenzi, na mwingine hukishusha kiwanja alichocheza mara moja, siku ya mvua, bila kukimaliza. Mwenyeji anajua sana na anapenda sana. Mpita njia hana upendeleo, na hana ujuzi. Mapenzi ya mmoja na haraka ya mwingine vikichanganywa katika wastani mmoja havigeuki kuwa ukweli.

Biryogo huonyesha kasoro hiyo kwa namna yake. Migahawa mingi ya barabara ile haiuzi pombe, na hilo si kosa la huduma bali ni sura ya mahali. Fikiria sasa mgeni aliyefika akitaka bia baridi, akakosa, akatoa nyota mbili. Hakusema uongo: bia hakuipata kweli. Ila amehukumu mgahawa kwa ahadi ambayo haukuitoa. Mwingine humchukia muuzaji aliyeacha meza dakika kumi kwenda kuswali magharibi. Mwingine huandika kwamba kuna kelele, na kelele yenyewe ni watu wa mtaa wakizungumza. Tathmini za namna hii zimejaa habari za mwandishi wake, matarajio yake na mazoea yake, na ndani yake chakula hakimo.

Mtaa huu, tena, umewahi kupewa alama na watu wa nje muda mrefu kabla ya simu. Wakati wa utawala wa Wabelgiji Waislamu wa miji ya Rwanda, wengi wao wafanyabiashara waliosema Kiswahili, walitengewa makazi yaliyoitwa kambi za Waswahili, na neno Mswahili likabeba mdomoni mwa wengi maana ya mjanja, mtu wa mtaani, asiyeaminika. Hiyo ilikuwa tathmini ya neno moja, isiyo na maelezo wala tarehe, na watoto wa watoto wao waliirithi. Wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 wakazi wengi wa Biryogo waliwaficha majirani waliokuwa wakiwindwa, na mwaka 2017 bunge la Rwanda likakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Jina lilianza kusafika. Lakini mtu aliyekulia hapo anajua uzito wa hukumu inayotolewa bila sababu, na anajua inachukua vizazi vingapi kuifuta.

Hapa ndipo ule urithi wa elimu unapofaa. Wanazuoni wa hadithi walikabiliwa na swali gumu kuliko la chai na mishikaki, na halilingani nalo kwa utukufu: watamwamini nani kati ya maelfu ya watu waliosimulia maneno ya Mtume? Wakajenga elimu nzima ya kuwajeruhi na kuwasafisha wapokezi, yaani kutaja kasoro zao au uadilifu wao, al-jarh wat-taadil. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki 1449, aliwapanga wapokezi katika daraja 12. Namna walivyofika kwenye daraja hizo ndiyo yenye faida zaidi kwa msomaji wa leo. Ibn as-Salah, mwanachuoni wa karne ya 13, alieleza kanuni kwamba sifa njema ya mpokezi hukubaliwa bila kutajiwa sababu, kwa kuwa sababu za wema ni nyingi mno kuhesabika. Ila lawama haikubaliwi mpaka ifafanuliwe, kwa kuwa watu hutofautiana juu ya nini ni aibu. Mfano wake ni wa kukumbukwa. Shu'ba ibn al-Hajjaj, mhakiki mkubwa wa karne ya 8, aliulizwa kwa nini ameacha kupokea hadithi za mtu fulani. Akajibu kwamba alimwona akimkimbiza farasi duni. Sababu ilipotajwa, kila mtu aliona kwamba haimjeruhi mtu. Isingetajwa, jeraha lingebaki.

Nyota mbili za bia ni farasi yule yule. Msomaji akiambiwa sababu, ataipima mwenyewe: asiyekunywa pombe ataona mgahawa umesifiwa. Nyota mbili zisizo na neno hata moja zinamnyima nafasi hiyo, na bado zinahesabiwa sawa na ushahidi uliofafanuliwa.

Kanuni ya pili ya elimu ile inahusu mahasimu. Al-Dhahabi, aliyefariki 1348, alionya kwamba maneno ya watu wa rika moja na kazi moja wakisemana yasichukuliwe pale uadui au husuda inapojitokeza. Karne saba baadaye wachumi wamefika hapo hapo kwa takwimu. Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier walilinganisha mwaka 2014 TripAdvisor, ambako yeyote aliweza kuandika, na Expedia, ambako aliyelipia chumba tu ndiye aliyeruhusiwa. Hoteli zenye jirani mshindani zilionekana kupata tathmini mbaya zaidi huko kusikohitaji uthibitisho. Luca na Georgios Zervas nao walikuta mwaka 2016 kwamba takriban asilimia 16 ya tathmini za migahawa ya Boston kwenye Yelp zilikuwa zimechujwa kwa kutiliwa shaka. Na mwaka 2017 mwandishi wa Uingereza Oobah Butler alikifikisha kibanda cha bustani yake, ambacho hakikuwa mgahawa kabisa, nafasi ya kwanza London kwenye TripAdvisor kwa tathmini za kubuni. Barabarani Biryogo, ambako kiti cha mgahawa mmoja karibu kinagusana na cha mwingine, ujirani wa namna hiyo ndio hali ya kila siku.

Upendeleo wa upande wa pili haulaumiwi sana, na labda ndio ulioenea zaidi. Mwenyeji anakuomba nyota tano huku amekushika mkono. Unampa, kwa sababu kukataa ni utovu wa adabu. Zervas, Davide Proserpio na John Byers walipochunguza Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, walikuta karibu asilimia 95 ya nyumba zina wastani wa nyota 4.5 au zaidi. Pale mgeni na mwenyeji wanapotathminiana, kuoneana haya huipandisha nambari. Kisha sifa huzaa sifa. Jaribio la Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor, lililochapishwa 2013, lilionyesha kwamba kura moja tu ya kwanza ya kusifu, iliyowekwa kwa bahati nasibu, iliongeza alama za mwisho kwa asilimia 25 kwa wastani. Mfumo wa Google nao unawatuza wanaoandika kwa pointi, na pointi huhesabu wingi.

Adabu ya mtathmini, basi, isichukuliwe kuwa upole wa kuficha ubaya. Imam an-Nawawi, aliyefariki 1277, alihesabu sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa asilolipenda, mojawapo ikiwa ni kuwatahadharisha watu na kuwashauri. Mishikaki iliyochacha isemwe. Isemwe ni mishikaki ipi, siku gani, na mwenye jiko alijibu nini alipoambiwa pale pale mezani, maana aliyenyamaza mezani akaja kushtaki usiku kwenye simu amemnyima mwenzake nafasi ya kurekebisha. Aseme kama ni mara yake ya kwanza au ya hamsini. Aseme kama alikula bure, au kama binamu yake anauza mlango wa pili. Na akipiga picha ya sahani, asiwapige wateja walio nyuma yake, wengine wametoka kuswali. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu Oktoba 2021, na hata pasipo sheria, uso wa mtu ni wake.

Serikali zimeanza kuingilia. Marekani imepiga marufuku tathmini za kughushi kwa kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024, Uingereza ikafuata Aprili 2025, na Umoja wa Ulaya tangu Mei 2022 unawataka wafanyabiashara waeleze kama wamehakikisha kwamba watathmini ni wateja kweli. Sheria ya Rwanda ya ushindani na ulinzi wa mlaji ni ya 2012, ya kabla nyota hazijawa na nguvu hii Kigali. Kuipitia upya kungefaa. Lakini hakuna sheria itakayoweza kumwadhibu mtu aliyekosa bia akanuna. Hilo litabaki kazi ya msomaji, anayepaswa kuyasoma maneno kabla ya nambari na kumsoma mwandishi kabla ya maneno.

Na kuna pengo ambalo wakazi wenyewe wanaweza kuliziba kesho asubuhi. Tathmini ya Kiswahili au ya Kinyarwanda, iliyoandikwa na yule mzee wa miaka 20 au na mjukuu wake kwa niaba yake, ikieleza kwamba chapati za hapa ni bora alfajiri, kwamba jioni ya Ijumaa mtu asubiri, kwamba pombe haipo na haijawahi kuwepo, ingekuwa shahidi wa aina ambayo rundo lile bado halina: aliyeona, akarudi, akaona tena.