Kuziba Oili Katika Injini za Malori ya Zamani

Oili huvuja kwenye injini ya lori kwa njia mbili. Hupita pale vyuma viwili vinapokutana, kama bloku na sampu, au pale shafti inayozunguka inapotokeza nje ya bloku. Njia ya kwanza ilipata dawa mapema: gasketi ya koki au karatasi ngumu ikawekwa katikati na bolti zikakazwa. Njia ya pili iliwasumbua watengenezaji kwa miongo mingi, na historia yake ndiyo inayoeleza kwa nini lori kuukuu lililozibwa juzi huonekana tena limeacha doa chini.

Penye shida hasa ni nyuma ya krenki, karibu na flaiwili. Injini nyingi za Uingereza hazikuwa na sili yoyote inayogusa chuma mahali hapo. Krenki ilichongwa mfereji wa kujizungusha, mithili ya meno ya skrubu, ambao uliirudisha oili ndani kila injini ilipozunguka. Injini ikizimwa, mfereji huo haufanyi kazi, na lori likiegeshwa mteremkoni oili hutafuta njia yake. Doa dogo chini ya klachi lilihesabiwa kuwa jambo la kawaida. Wabunifu wa injini hizo walijua kwamba zitavuja kidogo, na fundi anayezidai ziwe kavu kabisa anazidai kitu ambacho hazikuundwa kukitoa.

Viwanda vingi vya Marekani vilitumia kamba nene ya asbestosi iliyotiwa grafiti. Nusu yake ilipigiliwa kwenye bloku, nusu nyingine kwenye kifuniko cha bering. Kazi hii ilitaka mkono mtulivu: ncha ya kamba ikibaki ndefu, kifuniko hakikai sawasawa, ikikatwa fupi, mwanya unabaki. Tena, ili kuitoa nusu ya juu vizuri ilibidi krenki ishushwe. Wengi waliikwepa taabu hiyo, wakabadilisha nusu ya chini peke yake, na oili ikarudi.

Wakati huohuo ngozi ilikuwa ikijaribiwa. Mwaka 1929 kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, iliyokuwa na asili ya kutengeneza ngozi, ilitoa pete ya kuzibia shafti iliyobuniwa na mhandisi Walther Simmer. Ngozi hukauka kwa joto na haivumilii mwendo wa kasi, lakini mpira wa asili haukuweza kuchukua nafasi yake kwa sababu huvimba ukilowa oili. Mkombozi alikuwa mpira wa kutengenezwa kiwandani. Mwaka 1936 pete ya Simmer ikaanza kutengenezwa kwa mpira wa aina hiyo, na baada ya Vita Kuu ya Pili sili za namna hii zikaenea. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ilileta Viton, mpira unaostahimili joto kali zaidi.

Mpira nao ulikuja na kasoro yake. Vumbi linalonasa chini ya mdomo wa sili husaga chuma hadi krenki ikapata alama ya mzunguko. Sili mpya ikikaa juu ya alama ileile, huvuja tangu siku ya kwanza. Fundi mzuri huipitisha kucha penye alama hiyo kabla ya kununua spea. Akiihisi, huisogeza sili milimita chache, au huivalisha krenki mkono mwembamba wa chuma.

Sababu ya uvujaji inayosahauliwa kuliko zote ni mgandamizo wa gesi ndani ya bloku. Ringi za pistoni zikichakaa, gesi hupenya kutoka kwenye silinda hadi chini na kuisukuma oili nje popote penye udhaifu. Injini za zamani zilipumua kwa bomba lililoelekezwa chini, upepo wa mwendo ukivuta gesi. Bomba hilo hutegemea kasi. Lori lililojaa mzigo likipanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa, Tanzania, huenda polepole mno kuvuta upepo, ilhali gesi inayopenya ringi ndiyo kwanza iko nyingi. Mlima huo uko kwenye barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, iliyobeba mzigo mkubwa ghafla baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilipotafuta njia isiyopita Rhodesia, na kwa wakati huo sehemu kubwa yake ilikuwa ya vumbi. Vumbi na mpando ni maadui wawili wa sili.

Kwa ile njia ya kwanza ya uvujaji, katika gereji za jua kali gasketi hukatwa papo hapo: karatasi huwekwa juu ya chuma na kingo hugongwagongwa kwa nyundo hadi zikatike. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Silikoni iliyokuja baadaye imeharibu zaidi ya ilivyoponya, kwa kuwa inayopakwa kwa wingi hujikamua ndani na kuziba chujio la pampu ya oili.

Siku hizi baadhi ya injini zilizotumia kamba hupata sili ya mpira ya vipande viwili inayoingia kwenye mfereji uleule wa kamba. Krenki nyingi za wakati wa kamba, hata hivyo, zilichongwa mikwaruzo makusudi, na mikwaruzo hiyo huula mpira upesi isipolainishwa kwanza.