Meli Nyeupe Vitani

Somo letu la leo ni habari za meli ya hospitali wakati wa vita, na huenda mzee mmoja nyumbani kwako ameiona kwa macho yake. Jina lake Uganda. Ilijengwa mwaka 1952, na kwa miaka 15 hivi ilifika Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ikichukua abiria na shehena. Halafu ikageuzwa kuwa meli ya kutembeza watoto wa shule baharini.

Aprili 1982, Uingereza na Argentina zikaingia vitani kwa ajili ya visiwa vya Falkland. Serikali ya Uingereza ikaitwaa meli hiyo. Watoto wakashushwa Naples. Huko Gibraltar mafundi wakaijengea kiwanja cha helikopta, na ubavuni ikapakwa misalaba myekundu.

Sasa utauliza: je, rangi inazuia kombora? Haizuii. Kinachozuia ni ahadi, yaani Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949, na ahadi hiyo ina gharama. Meli haiwezi kuchukua askari wa kupigana. (Meli nyingine, Canberra, ilikuwa nyeupe tangu zamani na madaktari ilikuwa nao, lakini ilipakia askari, basi haikustahili msalaba.) Adui ana haki ya kuipanda na kuikagua. Tena haina ruhusa ya kutumia maneno ya siri katika redio.

Fikiri taabu ya nahodha. Usiku manowari zimezima taa. Yeye anawasha zake ili aonekane. Akiuliza majeruhi wako wapi, adui anasikia. Manowari ikimjibu, imejitaja ilipo.

Pande mbili zilikubaliana juu ya sehemu ya bahari kaskazini ya visiwa, meli nyeupe zikae humo. Lakini kwa mtu anayevuja damu, huko ni mbali mno. Mwisho wa Mei, Uganda ikaanza kuingia katika ghuba ya Grantham, karibu na mapigano.

Ilitibu majeruhi zaidi ya 700, kati yao karibu 150 Waargentina, maana sheria haibagui mgonjwa. Waingereza walipelekwa Montevideo kwa meli tatu ndogo. Argentina nayo ilileta meli zake za hospitali kuchukua watu wake.

Swali la kuzungumza katika kikundi chenu: kama neno moja la siri lingewafikisha majeruhi kwa daktari mapema, nawe ndiwe nahodha, ungelitumia?