Pakiti Moja kwa Watu Thelathini: Juu ya Kuchapa Upya Kitabu cha Vita vya Sakafuni

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Kitabu cha kanuni za mchezo hatujakigusa, na nadhani sababu ni kwamba wengi wetu hatukihesabu kuwa ni fasihi. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mwenzangu mmoja wa bwenini aliponijia na pendekezo: tukichape upya kitabu cha H. G. Wells kiitwacho Little Wars, yaani Vita Vidogo, tukiandikie utangulizi wa Kiswahili, tukiuze kwa wanafunzi. Alikuwa na hoja zake. Kitabu kilitoka London mwaka 1913. Wells alifariki mwaka 1946, na hakimiliki yake huko Uingereza ikakoma mwishoni mwa 2016. Hakuna wa kulipwa wala wa kuombwa ruhusa. Alitaka jambo moja tu, tukiache nje kiambatisho cha mwisho. "Hakichezeki," alisema, "na kinakula karatasi bure."

Makala haya ni jibu langu kwake. Kwa kuwa ni mbishi, nimeona heri nilitoe hadharani.

Kwanza tukijue kitabu chenyewe. Wells, ambaye wasomaji wengi wanamfahamu kwa riwaya zake za safari za wakati na uvamizi wa viumbe kutoka Mars, alikuwa pia mtu wa kupiga magoti sakafuni na kucheza. Mwaka 1911 alitoa Floor Games, kitabu kidogo kuhusu michezo ya kujenga visiwa na miji kwa vipande vya mbao. Miaka miwili baadaye akageukia vita. Anasimulia kwamba mambo yalianza huko Sandgate, pwani ya kusini ya Uingereza, baada ya chakula cha mchana. Mgeni mmoja, anayemtaja kwa herufi J. K. J. tu (husemwa kuwa ni mwandishi Jerome K. Jerome), alichukua mzinga wa kuchezea wenye springi akaanza kulenga askari wa kuchezea waliosimama mezani. Akampata mmoja. Basi, watu wazima wakaanza kushindana, na kutoka kwenye mashindano hayo zikazaliwa kanuni.

Kanuni zenyewe ni fupi, na kwa kweli zinapendeza. Askari wa miguu husogea futi moja kwa zamu, mpanda farasi futi mbili. Mzinga haupigi mpaka uwe na watu wanne karibu yake. Pazia huvutwa katikati ya uwanja kila mmoja apange jeshi lake bila kuonwa, kisha hufunguliwa. Zamu hupimwa kwa saa, ili mtu asikae akitafakari kama mzee wa kijiji. Dadu hamna! Mzinga hutoa kipande cha mbao kama cha inchi moja, na askari aliyeangushwa na kipande hicho ndiye aliyekufa. Hakuna wa kubishana naye, maana amelala chini na kila mtu anamwona.

Hapo ndipo tatizo la kwanza la mchapaji wa leo linapoanzia. Bahati yote ya mchezo huu imo ndani ya kitu ambacho hakimo kitabuni: ule mzinga wa kampuni ya Britains, ulioitwa kwa kipimo chake cha 4.7. Mwaka 1913 mtoto wa tabaka la Wells aliupata dukani. Leo ni kitu cha wakusanyaji wa vitu vya kale. Ukichapa upya kitabu hujauchapa mzinga. Unamkabidhi msomaji matini yenye tundu katikati, naye itambidi alizibe mwenyewe. Sisi tulilizibia kwa mpira wa kamba na kijiti cha kiberiti, na nakiri kuwa siku ile tulijeruhi zaidi chandarua kuliko adui.

Wengine walikwisha liona tatizo hilo. Donald Featherstone alipotoa kitabu chake War Games mwaka 1962, kile kilichowavuta wengi katika mchezo huu Uingereza, alitumia dadu. Vitabu vyake navyo viliadimika, na katika karne hii John Curry amevichapa upya katika mfululizo wake wa historia ya michezo ya vita, pamoja na kanuni za vita vya majini za Mmarekani Fletcher Pratt. Kwa nini kazi hii inahitajika? Hebu tulinganishe na bao. Bao halikungoja mchapaji. Ukitaka kanuni za bao unakwenda barazani, unakaa pembeni, unatukanwa kidogo, baada ya mwezi unajua. Mchezo wa Wells haukuwa na baraza. Ulikuwa na kitabu, na nakala zikiisha madukani kinachobaki ni watu wachache wanaokumbuka kwamba palikuwa na jambo la kufurahisha. Ndiyo maana kwa michezo ya aina hii toleo jipya si anasa ya wapenda vitabu. Mara nyingi ndio uhai wa mchezo.

Lakini kila toleo jipya humvika mwandishi kanzu nyingine. Chapa ya Marekani ya mwaka 1977 ilikuwa na dibaji ya Isaac Asimov, bingwa wa hadithi za kisayansi, na jina hilo peke yake lilimrudisha Wells kwa wasomaji wa riwaya zake. Chapa ya mwaka 2004 ilikuwa na dibaji ya Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa Dungeons & Dragons ya mwaka 1974. Hapo Wells akageuka babu wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa michezo. Matini ni ile ile, ila mlango wa kuingilia umehamishwa. Mhakiki anayesoma matini akaruka dibaji hatajua kwa nini wasomaji wa miaka hiyo miwili walisoma vitabu viwili tofauti.

Sasa je, sisi tungeingilia mlango gani? Dada mmoja wa mwaka wa tatu, tulipompa nakala, aliishia kwenye jalada. Kichwa kidogo cha kitabu kinasema kwamba mchezo huu ni wa wavulana wa miaka 12 hadi 150, na pia wa wale wasichana wenye akili zaidi wanaopenda vitu vya wavulana. "Kumbe tunafanyiwa mtihani wa kuingia," alisema, akakirudisha. Mwenzangu alitaka tuukate mstari huo. Mimi nilikataa, na hoja yangu haikuwa ya kumheshimu Wells. Picha za kitabu kile, zile zinazoonyesha majeshi madogo kati ya nyumba za mbao, zilipigwa na mke wake, Amy Catherine. Jalada linamweka mwanamke mlangoni akisubiri kupimwa akili, na huku ndani jicho linalotuonyesha vita ni la mwanamke. Ukikata mstari umempunguzia Wells aibu, na umemnyima msomaji nafasi ya kuuona mgongano huo. Nakala ya kwanza niliyosoma mimi haikuwa na picha hata moja. Nilikimaliza kitabu bila kujua kuwa mama yule yumo.

Tuje kwenye kiambatisho, kiini cha ugomvi wetu.

Sura za mbele za kitabu zinamaliza kwa kejeli kali dhidi ya vita vya kweli. Wells anasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba wafalme, majenerali na wote wenye kiu ya vita wafungiwe katika ukumbi mkubwa wenye miti na askari wa kuchezea, wapigane humo hadi washibe, sisi wengine tuendelee na maisha. Anadai kuwa mchezo wenyewe ni dawa: ukiucheza mara tatu nne unatambua jinsi kamanda anavyokosea, na unatetemeka kufikiria makosa hayo yakifanywa kwa watu wenye damu. Mwaka uliofuata vita vikuu vikalipuka, na Wells huyo huyo akaandika kuviunga mkono kama vita vya kukomesha vita. Wachapaji wote waliomrudia baadaye wanabeba mzigo huu: kitabu ni cha 1913, msomaji yupo baada ya 1914. Mimi nasema Wells wa 1913 asisahihishwe na Wells wa 1914. Mwaka uandikwe wazi mbele, basi.

Baada ya kejeli hiyo ndipo kinakuja kiambatisho, na mwandishi anabadilika sauti. Maofisa wa jeshi walikuwa wamemwandikia kuhusu mchezo mwingine, Kriegsspiel, ule wa mafunzo ya kijeshi ambao kanuni zake zilichapwa Prussia na Luteni von Reisswitz mwaka 1824. Walimwambia kuwa jinsi unavyochezwa katika jeshi la Uingereza unachosha. Wells akajaribu kuukuza mchezo wake ufae kwao, akimshukuru hasa Kanali Mark Sykes kwa ushauri. Ndiyo, ni Sykes yule ambaye mwaka 1916 alikaa na Mfaransa Picot wakagawana nchi za Waarabu kwenye ramani.

Katika kiambatisho hicho askari wa kuchezea wanaanza kula. Kila baada ya zamu sita, mchezaji atoe pakiti moja ya chakula kwa kila watu 30, na pakiti moja ya malisho kwa kila farasi sita. Kisha inakuja kanuni ya masalio: wakizidi kwa 15 au zaidi wahesabiwe kuwa 30, wakiwa pungufu ya 15 wahesabiwe kuwa si kitu. Kwa hiyo watu 46 wanakula pakiti mbili, na watu 44 wanakula moja. Kikundi cha miguu kilichojitenga chenye watu wasiofika 30 hakihitaji chakula kabisa.

Kwa mchezo hii ni busara tupu. Nani anataka kugawa robo ya pakiti? Ila mimi nimelelewa Kariakoo, na naomba ndugu msomaji aniruhusu niisome kanuni hii nikiwa pale.

Vita vya mwaka 1914 havikubaki Ulaya. Novemba ile ile vilifika Tanga, ambako Waingereza walishusha karibu askari 8,000 kutoka India wakashindwa na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000. Kampeni ikaendelea hadi 1918. Farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o, magari yalizama matopeni, kwa hiyo chakula kikabebwa kichwani. Waingereza walitumia wachukuzi wapatao milioni moja. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 95,000, wengi wao kwa maradhi, na wanahistoria wanaona kuwa idadi halisi ilizidi hapo. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, kambi yao iliwekwa mahali ambapo jina hilo limebaki mpaka leo midomoni mwetu: Kariakoo. Nairobi nako wanayo Kariokor yao.

Tufanye hesabu ya sokoni. Tuseme mchukuzi abebe ratili 50 za unga na ale ratili 2 kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, amekula ratili 48. Zilizobaki za kumkabidhi askari ni 2. Pakiti ya Wells inafika ilipo, haina tumbo. Huyu anayeileta ana tumbo, na akipunguziwa posho ili mzigo ufike, anaangukia kwenye lile fungu la masalio linalohesabiwa kuwa si kitu. Sisemi kwamba Wells aliua mtu. Alikuwa akicheza, tena alikuwa akicheza ili watu wasiuane. Ninachosema ni kwamba ukurasa unaochosha kuliko yote katika kitabu chake ndio ukurasa pekee ambamo vita vina njaa, na ndio huo huo mwenzangu anaotaka kuutupa kwa kubana karatasi. Sanamu ya Askari iliyowekwa mjini kwetu mwaka 1927 ina mtu mmoja juu yake, na ana bunduki. Ile ya Nairobi ina watatu, na mmoja ni mchukuzi. Uamuzi wa nani apandishwe na nani abaki chini nao ni kazi ya mhariri.

Jumamosi iliyopita tulikicheza kiambatisho hicho, mbishi na mimi, sakafuni kwa chaki. Askari walikuwa vizibo vya soda, pakiti zilikuwa kunde. Kwenye zamu ya sita alihesabu jeshi lake: 44. Akasukuma kunde moja mbele, akashika rula aendelee. Nikamwuliza ni wepi waliokula. Akasema kanuni haisemi. Nikamwambia basi atenge kumi na wanne pembeni, tuwaone. Akawatenga. Tukacheza zamu nyingine sita, wakatengwa tena kumi na wanne, na yeye mwenyewe akaanza kuuliza kama ni wale wale au wengine.

Kiambatisho kitabaki. Tunachobishania sasa ni tanbihi ya wachukuzi. Yeye anaitaka chini ya ukurasa ule ule wa pakiti. Mimi naona iende kwenye utangulizi, ukurasa wa Wells uachwe kama ulivyotoka 1913. Na karatasi bado hatujanunua.