Ndege za kivita za Ziwa Tanganyika: zilitoka wapi, na kwa nini wengine leo wanafufua za zamani

Msikilizaji ukiwa Karema, umezoea kusikia mlio wa boti za wavuvi kuliko wa ndege. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita, anga ya ziwa letu ilipitiwa na ndege za kivita. Hakuna hata moja tunayoweza kwenda kuitazama leo. Kwingineko duniani wapo watu wanaookota mabaki ya ndege za enzi hizo, wanayatengeneza kwa miaka mingi na kuyarusha tena. Katika makala haya tunaeleza ndege za ziwani zilikuwaje, kazi ya kufufua ndege kuukuu inafanywaje, na sisi wa mwambao huu tunapata funzo gani.

Ndege za ziwani, 1916

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walishika upande huu wa ziwa na Wabelgiji upande wa Kongo. Meli kubwa ya Wajerumani ilikuwa Graf von Götzen, iliyotia nanga Kigoma. Ili kuifikia, Wabelgiji waliazima ndege nne kutoka Uingereza, aina ya Short. Zilisafirishwa zikiwa vipandevipande hadi ziwani, zikaunganishwa huko huko, si mbali na mahali ulipo mji wa Kalemie leo.

Hazikuwa na haja ya kiwanja. Badala ya magurudumu zilikuwa na vyelezo viwili chini, mfano wa mitumbwi midogo, zikaruka na kutua majini. Mbavu zake zilikuwa za mbao, mabawa yamefunikwa kitambaa. Rubani na mwenzake walikaa wazi, upepo ukiwapiga usoni. Mwezi Juni 1916 rubani Mbelgiji Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka ziwa na kuidondoshea mabomu Götzen pale Kigoma.

Haikuwa mara ya kwanza kwa ndege za kivita kuonekana katika nchi yetu. Mwaka 1915 Waingereza walitumia ndege kuitafuta meli ya kivita Königsberg, iliyojificha katika mikono ya Mto Rufiji. Walitengeneza kiwanja Kisiwa cha Mafia, na Julai 11, 1915 marubani waliwaelekeza wapiga mizinga mpaka meli ile ikaangamia.

Kwa nini hazikubaki

Joto na unyevu wa kwetu ni adui wa mbao na gundi. Rufiji, gundi ililegea na mbao za ndege zikaachana hata kabla vita haijaisha. Ndege iliyojengwa kwa mbao na kitambaa ikiachwa nje masika mawili matatu, mchwa na mvua humaliza kazi. Kinachobaki ni injini na vyuma, navyo mara nyingi huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Kufufua ndege kunafanywaje

Wanaopenda kazi hii huanza na kidogo sana: mabaki kutoka shambani, msituni au chini ya maji. Kitu cha kwanza wanachotafuta ni kibati chenye namba ya ndege, maana ndicho kinachoonyesha ilitoka kiwanda gani na ilitumika wapi. Kisha wanatafuta michoro ya zamani. Bila michoro, fundi anabahatisha, na angani hakuna kubahatisha.

Baada ya hapo kila kipande kinafunguliwa. Chuma kilicholiwa na kutu hakirudishwi. Kinapimwa na kuchongwa kingine kama kile. Mbao huchaguliwa moja moja, zisiwe na fundo wala ufa. Kitambaa kinashonwa, kinavutwa juu ya mbavu na kupakwa dawa inayokikaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Injini ndiyo inayokula fedha na muda. Nyingi za enzi hizo zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, huo huo mmea unaoota kando ya nyumba zetu, na zinazoruka mpaka leo bado hutumia mafuta hayo.

Mwisho ni kibali. Mamlaka za anga hukagua, rubani mzoefu hufanya majaribio, na ndege huruhusiwa kuruka kwa masharti. Kazi nzima huchukua miaka, wakati mwingine zaidi ya kumi, na wengi wanaoifanya ni watu wa kujitolea: mafundi wastaafu, marubani, vijana wanaojifunza ufundi. Nchini Uingereza, mkusanyo wa Shuttleworth huko Old Warden bado unarusha ndege za Vita ya Kwanza. Mwishoni mwa 2016 kundi la ndege zenye mabawa mawili mawili, zikiwemo za aina ya Tiger Moth iliyofundishia marubani wa kijeshi, lilitoka kisiwa cha Crete, Ugiriki, kwenda Cape Town, likapita pia Kenya na Tanzania.

Si wote wanaokubaliana. Wapo wanaosema ndege iliyobaki peke yake isirushwe, kwa sababu ikianguka tumeipoteza, na rubani pia. Wengine wanajibu kwamba injini isiyowashwa hufa, na fundi asiyeigusa husahau. Pande zote mbili zina hoja.

Funzo lipo hapa hapa ziwani

Ndege zimepotea, lakini meli iliyolengwa na mabomu yale tunayo. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe. Mafundi wake hawakuiharibu. Waliipaka injini grisi nene kwanza, ndipo wakaiacha ishuke chini. Waingereza waliiibua 1924, na kwa sababu ya grisi ile injini zilifaa kutumika. Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya: Liemba. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikisimama Karema kupakia samaki, mchele na abiria. Injini za mvuke ziliendelea hadi miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli, na miaka ya karibuni meli imetolewa tena kazini ili ifanyiwe ukarabati mkubwa.

Karema yenyewe ina mfano mwingine. Boma lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 lilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers mwaka 1885, likageuka misheni. Jengo lenye watu ndani huzibwa likivuja. Jengo lisilo na mtu huanguka.

Ukikuta kitu cha zamani

Ukilima, ukichimba msingi au nyavu zako zikinasa chuma usichokijua, kumbuka mambo haya:

Kama kina umbo la bomu, risasi au kombora, usikiguse, usikigonge, usikiweke motoni hata kama kimeshika kutu. Umri hauondoi baruti. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto, mjulishe mtendaji wa kijiji au polisi.

Kama ni kipande cha mashine au kibati chenye namba, usikipeleke kwenye mizani haraka. Kipige picha kwa simu, andika mahali ulipokipata, kisha mwone mtendaji au ofisi ya halmashauri.

Na kama nyumbani kuna mzee aliyesimuliwa na wazazi wake habari za vita ile, mrekodi kwa simu hiyo hiyo wakati bado yupo. Chuma chakavu hununuliwa kwa kilo, na kikishayeyushwa hakuna fundi wa kukirudisha. Simulizi ya mzee nayo ni hivyo hivyo: akiondoka nayo, hatuna pa kuitafuta.