Ryugu (asteroidi)

Ryugu, namba 162173 katika orodha ya kimataifa ya asteroidi, ni mwamba wa angani wenye upana wa mita 900 hivi unaolizunguka Jua kwa njia inayoingia ndani ya njia ya Dunia. Iligunduliwa tarehe 10 Mei 1999 kwa darubini za mradi wa LINEAR huko Socorro, New Mexico, Marekani. Haionekani kwa macho matupu, hata usiku wenye giza nene. Imepata umaarufu kupitia chombo cha Japani, Hayabusa2, kilichofikisha Duniani gramu 5.4 za udongo wake mwaka 2020. Wanasayansi walipouchunguza, waliukuta unafanana mno na kimondo kilichoanguka Ivuna, kusini-magharibi mwa Tanganyika, mwaka 1938.

Obiti

Ryugu ni ya kundi la Apollo, yaani asteroidi zenye obiti pana kuliko ya Dunia lakini ambazo kwa kipande fulani cha safari hulisogelea Jua kuliko Dunia ilivyo. Ikiwa karibu kabisa na Jua huwa umbali wa km milioni 144. Ikiwa mbali kabisa hufika km milioni 212, jirani na njia ya Mirihi. Mzunguko mmoja huchukua siku 474. Obiti yake imeinama nyuzi 5.9 tu kutoka bapa la obiti ya Dunia, na jambo hili liliwavutia sana wahandisi, kwa kuwa chombo kinachokwenda huko na kurudi hakilazimiki kutumia fueli nyingi kugeuza mwelekeo.

Obiti hizi mbili, ya Ryugu na ya Dunia, zinapokaribiana zaidi huachana kwa km 95,000 hivi, robo ya umbali wa Mwezi. Kwa sababu hiyo, pamoja na ukubwa wake, Ryugu imeorodheshwa miongoni mwa asteroidi zinazoweza kuwa hatari. Jina hilo huwatia watu hofu bure. Ili vigongane, sayari na mwamba havina budi kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na kupakana kwa njia peke yake hakuleti ajali.

Ryugu haikuzaliwa katika obiti hii. Inaaminika kuwa ni mabaki ya gimba kubwa zaidi lililovunjika katika ukanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii. Familia za asteroidi za Polana na Eulalia ndizo zinazotajwa zaidi kuwa chimbuko lake. Vipande vilikusanyika upya kwa uvutano wao wenyewe. Kisha joto la Jua, linalopokelewa upande mmoja na kutolewa upande mwingine gimba likijizungusha, liliisukuma polepole kwa muda mrefu, hadi uvutano wa sayari ukaitupa kuelekea kwetu.

Umbo

Ina umbo la pia ya watoto. Hujizungusha kwa saa 7 na dakika 38, na huakisi asilimia 4 tu ya mwanga unaoifikia. Zaidi ya nusu ya ujazo wake ni nafasi tupu kati ya mawe. Jiwe lake kubwa kuliko yote, Otohime, lina mita 160 hivi. Majina haya hutoka katika hekaya ya Kijapani. Ryugu ni kasri la chini ya bahari alilofika mvuvi Urashima Taro.

Safari ya Hayabusa2

Hayabusa2 ilirushwa tarehe 3 Desemba 2014 na kufika Ryugu tarehe 27 Juni 2018. Iliteremsha roboti ndogo zilizorukaruka juu ya mawe. Tarehe 22 Februari 2019 iligusa ardhi na kuchukua udongo. Tarehe 5 Aprili ikafyatua bonge la shaba la kilo 2 na kuchimba kreta yenye upana wa zaidi ya mita 10. Tarehe 11 Julai ikagusa tena karibu na kreta hiyo ili kupata udongo wa chini usiochomwa na Jua. Kasha lenye sampuli lilitua Woomera, Australia, tarehe 6 Desemba 2020.

Uhusiano na kimondo cha Ivuna

Ivuna iko kusini mwa Ziwa Rukwa, leo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Wanaakiolojia wanaijua kwa uchimbaji wa chumvi wa karne nyingi. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka hapo kimondo cheusi, laini, chenye kuvunjika upesi. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Kidogo namna hiyo, lakini kundi zima la vimondo likapewa jina lake: katika alama CI, C ni ya kaboni na I ni ya Ivuna. Vimondo vya kundi hili vilivyoonekana vikianguka ni vitano tu: Alais (1806) na Orgueil (1864) vya Ufaransa, Tonk cha India (1911), Ivuna, na Revelstoke cha Kanada (1965).

Thamani yake ni ya pekee. Ukiondoa gesi na elementi chache, uwiano wa elementi ndani ya kimondo cha CI ni ule ule wa Jua lenyewe. Ndiyo maana maabara duniani kote hupima miamba mingine kwa kuilinganisha na kundi hili lenye jina la kijiji cha Tanzania.

Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy walidai kuona mabaki ya viumbe vidogo ndani ya Orgueil na Ivuna. Dai hilo lilizua ubishi mkali, kisha likaanguka ilipobainika kuwa walichokiona ni chembe za madini na uchafu wa Duniani, chavua ikiwemo. Amino asidi zilizopatikana baadaye ndani ya Ivuna ni jambo jingine. Hizo zilikubalika kuwa za asili ya angani.

Ubishi wa namna hiyo ndio uliofanya sampuli za Ryugu zingojewe kwa hamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Ryugu ni ya aina ya Ivuna: madini ya udongo, magnetiti na kabonati zilizotokana na maji kupita ndani ya gimba mama, miaka milioni 5 hivi baada ya mfumo wa Jua kuanza. Amino asidi zilikuwemo, na mwaka 2023 ikatangazwa yurasili, mojawapo ya vijenzi vya RNA. Palikuwa na tofauti yenye uzito: Ryugu haina salfeti zilizozoeleka katika vimondo vya CI, na maji yake ni machache. Kumbe sehemu ya kilichodhaniwa kuwa sifa ya kimondo ilikuwa kazi ya hewa na unyevu wa Dunia.

Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalipata kipande cha Ivuna cha gramu 202, nacho kinahifadhiwa ndani ya naitrojeni kisiharibiwe na hewa. Nchini Tanzania Ivuna hakijulikani sana. Wageni na wanafunzi huenda Ndolezi kukitazama kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, lililo katika mkoa huo huo wa Songwe. Mbozi kinastahili sifa zake, lakini kisayansi Ivuna ndicho chenye uzito zaidi, na kingestahili walau ukurasa katika vitabu vya jiografia vya sekondari.

Hali ya sasa

Hayabusa2 inaendelea na safari na inatarajiwa kuifikia asteroidi ndogo 1998 KY26 mwaka 2031.